Shahada ya theolojia itamzuia nani? Karibuni tujadili

Wakuu, salaam. Kila yanapofukuliwa makaburi ya waumini, wimbo ni uleule: wachungaji wasomeshwe, asiye na cheti asisimame madhabahuni. Rwanda walipitisha sheria hiyo 2018, wakawapa viongozi wa makanisa miaka mitano kutafuta shahada. Mwaka huohuo makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali, mengi kwa sababu ya kelele na majengo mabovu. Kenya na hapa Tanzania wapo wanaotamani tuige. Mimi napinga. Anayenipinga aje na hoja, matusi ayavue mlangoni pamoja na viatu.

Chukueni Kanungu, Uganda. Machi 17, 2000 waumini wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, milango ikiwa imefungwa. Siku zilizofuata polisi walifukua maiti nyingine kwenye nyumba za kundi hilo, na waliokufa wakahesabiwa zaidi ya 700. Waumini walikuwa wameuza mashamba na mifugo wakakabidhi fedha, kisha mwisho wa dunia uliotabiriwa ukapita kimya, na wengine wakaanza kudai chao. Mmoja wa viongozi alikuwa padri Dominic Kataribaabo, msomi aliyepata shahada ya uzamili Marekani. Na kundi lenyewe lilikuwa limesajiliwa. Cheti kilikuwepo, usajili ulikuwepo.

Tuje nyumbani. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilihamia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500. Wagonjwa walitolewa wodini, wengine wakafia kwenye foleni ya magari. Babu Ambilikile Mwasapile hakuwa mtu wa kuokotwa barabarani, alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT). Simlinganishi na wauaji, maana hakumfungia mtu mlango. Ninachouliza ni hiki: mawaziri nao walikwenda kunywa (kupanga foleni sijui kama walipanga), leo ndio tuwape kazi ya kupima nani nabii wa kweli?

Shakahola, ule msitu wa pwani ya Kenya, ndiyo inayoniuma zaidi. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwafundisha waumini wafunge kula hadi kufa, alishashtakiwa Malindi 2017 kwa habari ya watoto kutosoma shule. Mwaka 2019 akatangaza kufunga kanisa, watu wakamfuata msituni. Machi 2023 alikamatwa kwa vifo vya watoto wawili, akatoka kwa dhamana. Aprili makaburi yakaanza kufukuliwa, miili ikapita 400. Daktari alikuta wapo waliokufa kwa njaa, na wengine, watoto wakiwemo, wana dalili za kunyongwa. Mackenzie ameyakana mashtaka, mahakama itasema. Lakini hapo palihitajika theolojia gani? Mtoto haonekani shule, hiyo ni sheria. Mtu anazikwa bila kibali, hiyo ni sheria. Hatuna haja ya kujua Ufunuo sura ya ngapi ili kuuliza huyu mtoto yuko wapi.

Mpwani: Ndugu yangu, shikamoo kwa uzi mzito, lakini umeongea kama mtu aliye mbali na Chakama, eneo ulipo msitu huo wa Shakahola. Sheria ya shule na ya maziko zilikuwepo kabla ya Shakahola, na watu walikufa zikiwepo. Mimi nataka usajili wenye meno: kila kanisa liwe chini ya baraza la wenzake, wachungaji wamkane mwenzao mapema kama mawakili wanavyomvua wakili joho. Serikali ilipoleta kanuni za namna hiyo hapa Kenya mwanzoni mwa 2016, wachungaji walipiga kelele mpaka zikaondolewa. Na 2025, hapohapo Chakama, pale Kwa Binzaro, tumefukua tena. Tutasubiri ya tatu?

Binti Mlokole: Mimi nasali kanisa la mabati ambalo nyote hapa mnaliona la kitapeli. Baba alipofariki, kanisa kubwa alikobatizwa lilimwambia mama alete kadi ya zaka kwanza, na ilikuwa na deni la miaka miwili. Waliomzika ni hawa wa mabati, walichanga sanda mpaka chai. Mkitaka kujua kwa nini watu wanahama, anzieni hapo. Upako unakuja baadaye.

Mpwani: Pole sana dada. Hata waliokwenda Shakahola walianza kwa kupendwa.

Binti Mlokole: Najua. Mama mdogo aliacha dawa za presha kwa neno la mtumishi mmoja, sasa upande wa kushoto haufanyi kazi. Nilihama pale, sikuacha kusali.

Kiguu na Njia: Mnaopenda usajili wenye meno, kumbukeni meno hung'ata anayesogea. Juni 2025 hapa Tanzania kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji wa watu madhabahuni. Hakukuwa na kaburi hata moja. Katiba yetu, ibara ya 19, inasema uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Mwanzisha mada: Mkuu umenisaidia. Mpwani, baraza la wenzao nakubali nusu. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Pale hakuna baraza lingepinga mafuta, wengi wanayatumia. Kilichotakiwa ni mtu wa kuhesabu milango ya uwanja na kusema watu wanatosha, kama tunavyofanya kwenye mpira. Dada, la mama mdogo limenikaa. Huyo mtumishi ningemshitaki kwa kumzuia mgonjwa dawa, nisiguse mahubiri yake mengine.

Nakurudia Mpwani. Wewe uko karibu. Kabla ya Aprili 2023 chifu hakuambiwa?

Mpwani: Watu walisema, bwana. Lakini chifu ninayemjua mimi ana pikipiki moja, mafuta hununua mwenyewe, na ule msitu ni ekari mia kadhaa. Aingie na nani?