Mdogo wangu anaoa Aceh (Indonesia), kijijini kwa wakulima wa mpunga. Anayepajua anisaidie

Mrangi wa Mjini

Wakuu habari za jioni. Mimi niko Dodoma mjini hapa ila nyumbani Kondoa. Mdogo wangu alienda Malaysia kusoma, huko kakutana na binti wa Kiindonesia, wameelewana na mwaka huu wanataka wafunge ndoa. Binti anatokea mkoa unaitwa Aceh, nimeangalia kwenye ramani ni kule juu kabisa kisiwa cha Sumatra kinapoishia. Na sio mjini, ni kijijini, wazazi wake wanalima mpunga.

Sasa mama hana amani. Kwanza tumeambiwa kule mume ndo anahamia kwa mke. Pili mahari wametaja "mayam kumi na tano", hapa nyumbani hakuna anayejua mayam ni nini, mjomba akasema labda ni aina ya mbuzi. Dogo mwenyewe kaenda kule mara moja siku tatu, ukimuuliza kukoje anakwambia "kuzuri tu kaka". Mzee wetu alishatangulia mbele za haki kwahiyo hili jambo liko mikononi mwangu na mama kila siku ananiuliza. Mwenye kupajua aniambie ukweli watu wanaishije, sio habari za watalii.

Chizi Maarifa

Unahamia kwa mke halafu unatoa na mahari? Mkuu hiyo sio ndoa, dogo kanunua ajira 😂😂

Nzuguni Kwetu

Mkuu umenikumbusha mbali. Nimesoma Banda Aceh, chuo kinaitwa Universitas Syiah Kuala, na likizo nyingi nilikua sina nauli ya kurudi Tanzania kwahiyo rafiki yangu ananichukua kwao wilaya ya Pidie, kijijini kabisa, majaruba mbele majaruba nyuma. Nimepandikiza nao, nimevuna nao, kwahiyo ntakwambia nilichokiona.

Nianze na mjomba, mayam sio mbuzi 😄 ni kipimo cha dhahabu. Mayam moja ni kama gramu 3.3 hivi, kwahiyo kumi na tano ni karibu gramu 50. Na sehemu ya hiyo dhahabu mnaipeleka mapema siku ya uchumba kama alama. Hapo muwe makini, mila yao ni kwamba mwanaume akivunja uchumba ile dhahabu imeenda, ila upande wa binti ukivunja wanarudisha mara mbili. Mahari ni ya binti mwenyewe sio ya baba mkwe, anaivaa au anaiweka, mwaka wa shida anaiuza.

La kuhamia kwa mke ni kweli. Kule wazazi wakijaliwa wanampa binti nyumba, kama hawana uwezo basi anapewa sehemu ya nyumba yao au kipande cha shamba, na mume ndo anakuja kukaa pale. Kwa Kiaceh mke anaitwa po rumoh, maana yake mwenye nyumba, na hawatanii. Nyumba za zamani ziko juu ya nguzo, mbao tupu zimeshikwa kwa vigingi bila misumari, unapanda ngazi, kabla ya kupanda unaosha miguu kwa maji ya mtungi uliowekwa pale chini. Mlango mfupi. Siku ya kwanza nilijigonga paji la uso mpaka nikaona nyota, bibi wa pale akacheka wee, akaniambia mlango umefanywa hivyo makusudi ili kila anayeingia ainame. Nikawaambia hata kwetu Ugogo kwenye tembe lazima uiname. Kule chini ya nyumba ndo stoo, kinu cha kukanyaga kwa mguu, mbuzi, baiskeli mbovu, wajukuu wanacheza humo jua likiwaka. Ila saivi wengi wanajenga za tofali na bati, zile za mbao zinabaki za bibi, ni kama tembe tu zinavyoisha huku.

Kijiji kinaitwa gampong na mkuu wake anaitwa keuchik. Dogo akifika tu apelekwe kwa keuchik akajitambulishe, mgeni akilala bila taarifa ni kosa, kama zamani huku mgeni anavyoripotiwa kwa balozi wa nyumba kumi. Halafu kila gampong lina meunasah, hapo ndo moyo wa kijiji ulipo. Ni kama msikiti mdogo lakini pia ni ofisi, mahakama, madrasa, na zamani vijana wa kiume walikua wanalala huko usiku maana nyumba ni ya mama na dada zao. Mwanaume wa kule ukimtafuta hayuko nyumbani, yuko shambani, au meunasah, au kibanda cha kahawa. Na hapo kwenye kahawa ndo usiseme, baada ya alfajiri tu washafika, kahawa inachujwa kwenye kitambaa kirefu kama soksi inamiminwa toka juu, mtu anakaa na kikombe kimoja masaa mawili anajadili bei ya mpunga na siasa za Jakarta.

Kula ni wali asubuhi mchana jioni. Nilimiss ugali mpaka nikaota naonja mlenda. Lakini sikiliza hii, lugha yao nayo kama Kiswahili, mpunga ni pade, ukikobolewa ni breueh, ukipikwa ni bu. Kitu kimoja majina matatu. Nilivyowaambia na sisi tuna mpunga, mchele na wali yule bibi alifurahi kama nimemletea zawadi.

Bahi Road

Nzuguni Kwetu asante kwa darasa. Mimi mpunga nalima huku Bahi, ntauliza swali la mkulima: maji wanagawanaje? Maana huku kwenye skimu mwenye shamba karibu na banio anashiba, wa mwisho analia, na kila msimu kuna watu wanapelekana kwa mtendaji wa kijiji.

Nzuguni Kwetu

Mkuu Bahi hapo ndo penyewe. Kule kuna mtu anaitwa keujruen blang, kazi yake ni maji na majaruba basi. Anachaguliwa na wakulima wenyewe, mtu mzima anayejua kila mfereji unapita wapi na nani kamuoa nani. Yeye ndo anasimamia kusafisha mifereji, anasema lini watu waanze kitalu, lini maji yafunguliwe, nani anaanza. Ukiiba maji usiku anakuja kwako kwanza yeye kabla haijafika kwa keuchik. Malipo yake sio mshahara, wakulima wakishavuna kila mtu anamtolea mpunga.

Na huruhusiwi kupanda kwa muda wako. Wanapanda pamoja bonde zima, ukipanda peke yako mapema panya na ndege wote wanahamia kwako, ukichelewa ndo usiseme, na maji yameshafungwa. Kabla ya kuanza kuna khanduri blang, yaani karamu ya shambani. Wanachanga, wanachinja ng'ombe au nyati au mbuzi kutegemea na mfuko, wanapikia palepale kando ya majaruba kwenye masufuria makubwa, wanasoma dua, yatima na masikini wanakula mwanzo. Baada ya hapo kuna siku kadhaa hakuna kuingia shambani kabisa, ni mwiko.

Kulima saivi ni pawatila, nyati wa maji wamebaki wachache. Kupandikiza ni kina mama, wanapanga mstari wanarudi kinyumenyume wanapiga soga, mimi niliwekwa katikati yao nikawa nawaharibia mstari nikahamishiwa kubeba miche 😂. Kwenye maji ya mifereji mizuri wanavuna mara mbili kwa mwaka. Huku Dodoma mvua milimita 600 kwa mwaka ni bahati na zote zinakuja ndani ya miezi michache, kule ukikaa mwezi bila mvua watu wanaanza kuulizana kulikoni. Lakini wasikudanganye kwamba hawana shida, nguruwe pori wanavuruga, na maeneo ya karibu na msitu tembo wanaingia mashambani kama tu wale wa Ruaha. Mafuriko pia. Na asiye na shamba analima la mwenzake kwa mtindo unaitwa mawah, mnagawana mavuno kwa makubaliano, mara nyingi nusu kwa nusu. Hata ng'ombe wanapeana hivyohivyo, unamtunza akizaa mnagawana.

Ukishavunwa bonde linafunguliwa, ng'ombe wanaachiwa wale mabua na watoto wanarusha tiara kubwa huko. Kipindi hicho ndo kizuri kuliko vyote.

Mama Zabibu

Samahanini naingilia. Kaka Nzuguni hujasema kuhusu sheria. Mimi nilisikia Aceh watu wanachapwa viboko hadharani. Na vita je? Na tsunami? Mama wa watu ana haki ya kukosa usingizi.

Nzuguni Kwetu

Dada uko sahihi. Aceh ndo mkoa pekee wa Indonesia wenye sheria za kiislamu rasmi kwa makosa ya jinai, ilianzia kwenye sheria ya mamlaka maalum ya 2001. Viboko vipo kweli, kwa kamari, pombe, zinaa, hata kukutwa faragha na mtu asiye mumeo wala maharimu wako. Kuna polisi wake wa mavazi na maadili. Ila kijijini huwaoni hao polisi kila siku, kijijini wanaokuangalia ni majirani. Kwahiyo dogo asijidanganye kumtembelea mchumba peke yake chumbani eti "tunapanga harusi". Vijana wa meunasah hawana utani na hilo, na mimi binafsi kuna mambo kule sikuyapenda, mwanamke anabanwa kuliko mwanaume kwa kosa lilelile, niseme ukweli.

Vita iliisha. Walipigana na serikali tangu 1976 mpaka mkataba wa Helsinki tarehe 15 Agosti 2005. Wazee hawapendi kuhadithia, ukiuliza mtu anaanza kusokota sigara. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilibeba upande wa pwani, waliokufa na kupotea Aceh ni zaidi ya 160,000, siku ile hata Dar walikufa watu kwa mawimbi hayohayo. Kijiji cha mbali na bahari hakikuguswa na maji ila hakuna ukoo usio na mtu wake.

Gairo Stendi

Mbona mnashangaa mume kuhamia kwa mke? Sisi Wakaguru ukoo unafuata mama, na zamani mume alikua anakaa kwa wakwe analima kwanza. Waluguru hivyohivyo. Hao ndugu zetu tu.

Nzuguni Kwetu

Gairo nusu umepatia. Kule ukoo hauendi kwa mama peke yake, pande zote mbili zinahesabika na mirathi ni kwa sheria ya kiislamu. Ni nyumba tu ndo ya mke. Matokeo yake dada na dada wanakaa jirani maisha yote, wanaume ndo wanakuja toka vijiji vingine, na wengi wanatoka kwenda mijini kutafuta, Pidie hasa wanasifika kwa biashara. Akirudi anarudi nyumbani kwa mke kama mgeni mwenye heshima. Unakaribishwa sana, lakini ukiwa huna mkononi kitu utajiona.

Na hapo Mrangi nisikufiche, mwambie dogo kuhusu meugang. Kabla ya Ramadhani, kabla ya Idi ndogo na kabla ya Idi kubwa kuna siku ya nyama, kila nyumba inapika nyama hata masikini, mila hii wanasema ni ya tangu kwa Sultan Iskandar Muda aliyetawala 1607 mpaka 1636. Mkwe mpya ndo anapeleka nyama kwa wakwe. Bei siku hiyo inapanda balaa. Asipopeleka hakuna atakayemwambia kitu, watanyamaza tu, na kunyamaza kwao nimekuona mimi kwa jirani, yule kijana alikua anazunguka nyuma ya nyumba kwa aibu wiki nzima.

Chizi Maarifa

Kwahiyo dhahabu gramu 50, nyama mara tatu kwa mwaka, na mlango unakugonga kichwa. Nafuta kauli, sio ajira, ni mkopo 😂

Mrangi wa Mjini

Nzuguni Kwetu Mungu akubariki. Nimekaa na mama nimemsomea yote toka juu mpaka chini, nyingine nimerudia mara mbili. Viboko kaguna. Dhahabu kaguna zaidi, kasema tuanze na alama kwanza halafu dogo afanye kazi. Nyama hajaona tatizo, kasema mkwe asiyepeleka nyama hata Kondoa hafai. Nilipofika kwenye nyumba kuwa ya mwanamke akanyamaza kidogo halafu akasema "kwahiyo huyo mama mwenzangu mabinti zake wote anao karibu", akanyanyuka akaenda jikoni. Sijui ndo kakubali au vipi. Kesho napiga simu kwa dogo, Malaysia wametutangulia masaa matano kwahiyo inabidi nimuwahi.

Bahi Road

Mrangi ukiongea nae mwambie siku akifika apige picha mifereji na hayo mabanio yao anitumie. Za harusi atumie kwenu.