Naomba ushauri: hendeli ipi kwa baiskeli ya mbio ya zamani?

Assalam aleikum ndugu zangu. Nina baiskeli ya mbio ya zamani, fremu ya chuma, ambayo huiendesha alfajiri kutoka Nyali, Mombasa, hadi Mtwapa na kurudi. Bega la hendeli, pale mbele kabla ya breki, limeteremka mno. Nikifika Shanzu vidole viwili vya mwisho vishakufa ganzi. Fundi aliizungusha hendeli ikainuka kidogo. Ganzi ikapungua, lakini sasa nikishika chini kwenye mkunjo breki siifikii vizuri, na matatu za Bamburi hazitaki mchezo. Kuizungushia hendeli tepu nene hakukusaidia.

Naipenda sana ile sura ya kale, za kisasa sizitaki. Hendeli ya Nitto Noodle bega lake limelala karibu sawa, ila unene wake katikati ni milimita 26.0 na stemu yangu (kile chuma kinachoishika hendeli) ni ya 25.4. Nitto B115 itaingia moja kwa moja, lakini nayo bega linateremka.

Aliyezitumia anisaidie: nibadilishe stemu niweke Noodle, au B115 yatosha nikipandisha breki? Na kwa mabega yangu mimi ya sentimita 41, nichukue hendeli ya upana wa 42 au 44?