Tupeane uzoefu: ulikula mgahawani, ukarudi nyumbani kukipika mwenyewe. Kilikuwaje?

Mwiko Mrefu
Habari za jioni, wapendwa wa jikoni. Nimerudi sasa hivi kutoka kula nje na silali kabla sijaandika. Nimeletewa mchuzi wa nyama wa kawaida tu, ule ambao hata mimi naupika karibu kila wiki. Nikaonja kijiko cha kwanza, nikakiweka chini. Mwenzangu akauliza, "Mbona umenyamaza?" Nilikuwa naifuatilia ladha. Vitunguu vimeyeyuka, huvioni, ila utamu wake umejaa mdomoni. Nyama ina ule ukahawia wa pembeni. Halafu mwisho kabisa kuna uchachu mdogo unaoamsha ulimi, sijui limau, sijui siki.

Mimi ndivyo ninavyokula nje. Sifuati kushiba, nafuata kitu cha kwenda kujaribu kesho yake. Siku nyingine kinatoka, siku nyingi kinagoma. Basi tupeane uzoefu: ni chakula gani ulikula kikakuingia, ukarudi kukipika, na mambo yakawaje? Hata kama kiliungua, leta.

Binti Kitunguu
Dada, umegusa penyewe. Vitunguu hivyo hivyo vilinitesa mwaka mzima. Kila maelezo niliyosoma yaliandika "kaanga dakika 10 hadi viwe vya kahawia". Dakika 10 zinafika, vyangu vimelegea tu, vyeupe, vinanuka ubichi. Naongeza moto, kingo zinaungua na katikati bado, mchuzi wote unakuwa mchungu.

Siku moja nikaamua siangalii saa. Vitunguu 6 vikubwa, nikavikata vyembamba, mafuta, chumvi kidogo, moto mdogo, nikafunika robo saa ya kwanza ili vitoe maji. Nikafunua, nikawa nakoroga. Kila vikianza kushika chini natia maji vijiko viwili, nakwangua ule ukahawia unarudi kwenye vitunguu. Vilikula dakika 50. Sufuria iliyokuwa imejaa ikabaki na kiasi cha kikombe kimoja. Nilivila vyenyewe kwa kijiko, nimesimama pale pale jikoni, hata mchuzi sikupika siku ile.

Mla Taratibu
Dakika 10 ni uongo. Naunga mkono.

Fundi Sufuria
Tia magadi, ncha ya kijiko tu. Rangi inakuja nusu ya muda huo.

Binti Kitunguu
Inakuja, lakini vinapondeka kama uji, na ukizidisha kidogo unaonja sabuni. Mimi hapana.

Fundi Sufuria
Si ndiyo vizuri kwa mchuzi? Dada mwenyewe kasema vimeyeyuka huvioni. Na kuhusu nyama, Mwiko Mrefu, siri ni hii: ianze kwenye moto mkali pande zote kabla ya maji, ili uyafungie maji yake ndani. Migahawa yote inafanya hivyo.

Mla Taratibu
Moto mkali sawa. Kufungia maji hapana. Nyama haina mlango wa kufunga. Ile sauti ya *chaaa* unayoisikia kwenye kikaango ni nini kama si maji yanayotoka na kugeuka mvuke? Wazo hilo lilienezwa na mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, karne ya 19, likapimwa baadaye likaonekana si kweli. Pima mwenyewe kwa mizani, kabla na baada.

Fundi Sufuria
Nimepika miaka 20. Nyama niliyoikaanga kwanza haifanani na ya kuchemsha tu. Mizani haina ulimi.

Mla Taratibu
Haifanani kwa sababu ya ladha, mkuu, hapo hatubishani. Nyama ikipata joto la nyuzi 140 hivi na kuendelea, protini zake na sukari vinaungana, ndipo rangi na harufu vinapozaliwa. Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912. Maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayapiti nyuzi 100. Kwa hiyo nyama ikiwa na maji juu yake, au ukiijaza kikaangoni mpaka inabanana, itajichemsha tu na kuwa ya kijivu. Ipanguse kwa kitambaa safi hadi iwe kavu, weka vipande vichache, usiviguse dakika 2 au 3. Kikijiachia chenyewe, geuza.

Fundi Sufuria
Kumbe tunasema kitu kimoja.

Mla Taratibu
Nusu yake.

Ukoko
Naomba niingilie, maana nimeona "moto mkali" humu mara mbili na mkono umeanza kuniwasha.

Nilikula samaki wa kukaanga mahali fulani. Ngozi yake ilikuwa inavunjika kama kioo chembamba na ndani anatoa mvuke. Jiko lao lilikuwa na dirisha, nikawaona wanamzamisha mzima kwenye mafuta mengi. Mimi nyumbani nilikuwa natia mafuta ya kulowanisha kikaango tu, namgeuza huku na huku, anakatika, ngozi inabaki chini. Nikasema kumbe tatizo ni ubahili wa mafuta. Jumapili nikajaza sufuria karibu na mdomo, moto juu kabisa, nikaanza kumpaka samaki chumvi. Simu ikaita. Nikatoka nje kuongea, kama dakika 10, si zaidi.

Niliporudi jiko limejaa moshi mwembamba wa kijivu. Nikanyoosha mkono nizime, mafuta yakawaka mbele ya macho yangu. Hayakuguswa na cheche wala kitu chochote, yaliwaka yenyewe kwa joto. Nikapiga kelele. Mdogo wangu akaja mbio na jagi la maji. Nilimwona analiinua, nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akamwaga.

Moto ulisimama hadi dari. Mlio wake kama turubai kubwa linalopigwa na upepo. Pazia likaisha pale pale. Mafuta yalinipata kuanzia kiwiko hadi vidole. Mdogo wangu aliruka nyuma kwa mshtuko, ndiyo pona yake. Aliyetuokoa ni jirani. Alizima jiko kwanza, kisha akaja na sinia la chuma, akalitelezesha juu ya sufuria kutokea upande wake, polepole, mpaka likaziba mdomo wote. Kimya. Nakumbuka nilimtazama samaki, bado yuko kwenye sahani, nusu ana chumvi, nusu hana.

Baadaye nilieleweshwa. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini yake, huko yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yenyewe. Unayarusha mafuta yote juu yakiwa yanawaka. Jagi moja tu lile.

Mwiko Mrefu
Pole sana kaka. Nimesoma nimesimama.

Mama Wawili
Pole jamani. Mdogo wako hajambo?

Ukoko
Hajambo, mama. Alilia siku nyingi kuliko mimi. Nimemwambia kosa lilikuwa la aliyeacha sufuria.

Jirani wa Juu
Mimi nikiona moto jikoni namwagia unga. Unaziba hewa.

Mla Taratibu
Unga HAPANA! Unga ukitawanyika hewani penye moto unawaka, unaweza hata kulipuka. Zima jiko, funika kwa chuma, usiibebe sufuria, usifunue mpaka ipoe kabisa. Moto ukiwa umeshapanda ukutani, toeni watu, fungeni mlango, waiteni zimamoto.

Jirani wa Juu
Miaka yote hii namwagia unga na haijawahi kulipuka.

Mama Wawili
Usingoje ilipuke, mwanangu.

Fundi Sufuria
Na ukiungua, dawa ya meno. Inapoza vizuri.

Kanga ya Bluu
Mimi ni muuguzi, naomba hili lisipite. Dawa ya meno, siagi, ute wa yai, vyote acheni. Vinatunza joto ndani ya kidonda, na sisi tunapata kazi ya kuvikwangua huku mgonjwa analia. Maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, si barafu. Vua pete na saa mapema kabla mkono haujavimba. Jeraha likipita ukubwa wa kiganja, au likiwa usoni, mikononi au kwenye viungo, nenda hospitali.

Ukoko
Mimi nilipakwa siagi. Ni hivyo hivyo kama unavyosema, dada.

Binti Kitunguu
Nisameheni kwa swali, lakini… samaki ulimpika tena?

Ukoko
Nilikaa miezi 8 siwezi kusikia mafuta yanalia. Kisha nikarudi, na sasa nina utaratibu. Sufuria ndefu, mafuta yasizidi theluthi. Kifuniko kinakaa pembeni kabla sijawasha. Simu inakaa chumbani. Samaki nampangusa mpaka kitambaa hakipati tena unyevu. Nachovya mpini wa mwiko mkavu kwenye mafuta, nikiona vipovu vidogo vinauzunguka bila fujo, namshusha kwa mkia, taratibu, naelekeza upande wa mbali na mimi. Jumamosi iliyopita ngozi ilivunjika kama ya kule. Nilimpelekea jirani kipande cha kwanza.

Mwiko Mrefu
Ahsante kaka. Turudi mezani kidogo, kuna wengine wameninong'oneza wana visa.

Jirani wa Juu
Changu cha saladi ya maharage mekundu. Mgahawani ilikuwa baridi, maharage mazima, yanang'aa, hayajapasuka hata moja. Mimi nikaona yangu yanapasuka kwa sababu nayachemsha sana. Nikayapika kwa moto wa chini kabisa, maji hayachemki, yanatetemeka tu. Yakabaki mazima, mazuri, na ugumu kidogo. Baada ya saa 2 nyumba nzima tunapishana msalani, tunatapika.

Kanga ya Bluu
Maharage mekundu mabichi yana sumu yake, na moto mdogo hauiondoi. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya, yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10, kisha ndipo upunguze moto mpaka yaive kabisa.

Jirani wa Juu
Na kupasuka?

Mama Wawili
Tia chumvi kwenye maji ya kulowekea. Ganda linalainika, linanyumbuka badala ya kupasuka.

Fundi Sufuria
Chumvi mapema inayafanya maharage kuwa magumu, kila mtu anajua hilo.

Mama Wawili
Mimi sijui hilo, na nimeyapika hivyo muda mrefu. Kinachoyagomesha ni nyanya na limau vikiingia mapema. Uchachu ungoje yaive.

Na mimi nina langu, si la kuogopesha. Nilikula wali mahali, mweupe, kila punje peke yake. Nikamwita mhudumu, nikamwambia naomba umuulize mpishi anauoshaje. Nilijua nitakatazwa. Akatoka mpishi mwenyewe, anafuta mikono kwenye aproni, akakaa kwenye kiti cha mbele yangu kama mwanangu. Akaniambia, "Mama, naosha mpaka maji yawe kama haya ya kunywa, na ukishaiva naacha umefunikwa dakika 10 bila moto, sifunui hata akija mfalme." Basi. Mimi nilikuwa nafunua kila baada ya dakika 2 kuutazama. Toka siku hiyo naketi mbali na jiko, mikono nimeikunja.

Mla Taratibu
Kwa kweli mimi huona vibaya kumuuliza mpishi. Ile ni kazi yake, ndiyo inayomlisha. Kaeni mle, mhisi wenyewe.

Mama Wawili
Baba, mtu akikuambia chakula chako kimemfanya atake kujua, hajakuibia kitu, amekupa heshima. Muulize swali moja tu, na si saa ambayo meza zote zimejaa.

Mla Taratibu
Swali moja, nakubali.

Binti Kitunguu
Mwiko Mrefu umepotelea wapi? Muuliza maswali hajibu?

Mwiko Mrefu
Nilikuwa jikoni. Nimeshindwa kungoja kesho. Nyama nimeipangusa, nimeikaanga mafungu matatu. Vitunguu bila magadi, samahani Fundi, dakika 47, nimekwangua chini ya sufuria mara tano. Kifuniko kilikuwa pembeni, kaka Ukoko, na simu nimeiacha chumbani, ndiyo maana mmeniona kimya. Chumvi nimetia kidogo kidogo nikionja kila mara. Mwenzangu kaamshwa na harufu, kala amesimama, hajasema neno mpaka sahani ikawa safi, kisha akasema, "Bado kuna kitu." Na kweli kilikuwepo. Nikaongeza nusu kijiko cha chai, nikakoroga, nikampa tena.

Binti Kitunguu
Nusu kijiko cha nini?

Mwiko Mrefu
Siki.