Aliyesawazisha tuta la Offa alistahili kushtakiwa?

Wadau, tulijadili hili bila jazba.

Mwaka 2013, karibu na Chirk, mpakani mwa Wales na Uingereza, tingatinga lilisawazisha mita 45 hivi za tuta la Offa. Ni boma refu la udongo lenye handaki upande wa magharibi, kuwakabili Wawelisi, na linahusishwa na Offa, mfalme wa Mercia, ufalme wa kale upande wa Uingereza, kuanzia 757 hadi 796. Polisi walichunguza, hakuna aliyeshtakiwa. Sheria ya 1979 ya kulinda mabaki ya kale ilimwachia mtu upenyo wa kusema hakujua kwamba mahali hapo panalindwa. Watu wakachachamaa, na mwaka 2016 Wales ikaubana upenyo huo.

Simtetei mwenye tingatinga. Ila jirani tu na hapo kuna kasri la Chirk, na tuta hilohilo linapita kwenye viwanja vyake. Karne ya 18 wenye kasri walitaka mandhari ya kupendeza, wakachimba ziwa la mapambo na kipande cha tuta kikazama humo. Leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuyasifia mandhari hayo! Bwana mkubwa akizamisha ni sanaa, kabwela akisawazisha ni jinai?

— Mkuu, hapo umechanganya mambo. Karne ya 18 hapakuwa na sheria ya kuvunja. Halafu kufunikwa na maji si sawa na kuchimbuliwa. Mwaka 2014 wanaakiolojia walichimba karibu na Chirk, wakapima umri wa majani na udongo vilivyofukiwa ndani ya tuta. Sehemu moja ikatoa miaka ya kati ya 430 na 652, yaani kabla Offa hajazaliwa! Jibu hilo lilipatikana kwa sababu tabaka zilikuwa bado zimepangana. Ukishazivuruga, nani atazipanga upya?

— Mimi niko katikati. Kutojua sheria si utetezi, hilo tunakubaliana. Lakini huyu wa tingatinga anaweza kuijua sheria vizuri kabisa asijue kwamba mwinuko ule ndio wenyewe. Tuta likiwa zima, pamoja na handaki, hufika mita 20 kwa upana, hata mtoto ataliona. Penye kulimwa miaka nenda rudi limebaki kijinundu ambacho ng'ombe anakipita bila kuinua shingo. Serikali iweke nguzo kwanza, ndipo ikamate watu.

— Nguzo kila baada ya mita ngapi, ndugu? Na mwenye shamba akiing'oa?