Yule fundi wa nyota amenifutia mashine ya saiba mbele ya wateja, kisha akaniambia nikakaange viazi

BintiSaiba

Mwamjua. Mkoba wa begani, flashi kumi na mbili zinalia kiunoni kama njuga, sauti ya kuamrisha hata akiagiza chai. Simtaji jina, na nyinyi msimtaje, lakini kama una kompyuta na wakaa kati ya Makupa na Mji wa Kale hapa Mombasa, ashaigusa.

Leo saa nne asubuhi, saibani kwangu (duka la kompyuta na kuchapisha), mbele ya wateja saba na mama wa bibi harusi, ameniambia nikakaange viazi.

Nianze mwanzo, ingawa nyongo imenipanda hata herufi sizioni. Nina kadi 200 za harusi za kuchapisha, harusi yenyewe Ijumaa. Kabla sijashika karatasi nikasema hebu niisasishe mashine kwanza. Ni Arch, aina ya Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, mwaka wa tatu huu naitumia na haijanitia aibu. Nikaandika sudo pacman -Syu (pacman ndiyo yenye kuweka na kusasisha programu za Arch) kama nifanyavyo kila wiki. Ikateremsha kila kitu, ikakagua, halafu ikagoma: mgongano wa faili. Orodha ndefu kama foleni ya feri Likoni jioni, kila mstari waanza na python-pillow (maktaba ya picha ya lugha ya Python) na kuishia "exists in filesystem". Yaani hiyo faili ishapo pale, na pacman haiwekei kitu juu yake. Hapo hakuna kilichoharibika! Haijagusa hata kifurushi kimoja cha programu. Imesimama mlangoni yauliza, hii mali ni ya nani?

Ningekaa nikasoma. Lakini mama wa bibi harusi ashakaa, pochi magotini, kila dakika "mwanangu, bado?" Ndipo akatokea yule. Sikumwita, alikuja kutoa fotokopi. Akainama juu ya bega langu, akasoma mstari mmoja. MMOJA. Akasema "ondoka hapo". Akakaa kwenye kiti changu. Akaisogeza chai yangu. Akaandika:

sudo rm -rf /usr/lib/python3.13/site-packages/*

Nikamwambia ngoja, hiyo nyota ya mwisho, yaani kila kitu kilichomo, ni ya nini? Faili zinazogombana ni za pillow peke yake, mbona wafuta vya folda nzima? Hakuniangalia. Akawageukia wateja, akasema: "Dada, weye kakaange viazi karai, hii nyota inamaliza mambo yote." Akabonyeza Enter kwa kidole cha shahada.

Watu wakacheka. Mama wa bibi harusi akacheka. Kuna kijana alikuja kuskani cheti chake cha kuzaliwa, ndevu hana hata moja, naye akacheka.

Akaendesha pacman tena, ikapita. Akainuka, akapangusa mikono kama aliyetoka kuchinja ng'ombe wa Idi, akataka shilingi 1,500. Nikampa. Fotokopi yake hakulipa.

Robo saa baadaye nafungua dirisha la mipangilio ya printa nichague karatasi nene. Halifunguki. Naliita kutoka kwa terminali, lanijibu: ModuleNotFoundError: No module named 'cups'. Litafunguka vipi? Lile dirisha limeandikwa kwa Python, na kile linachokihitaji kilikaa ndani ya folda ile ile aliyoipigia nyota. Vilivyorudi ni vile vilivyokuwa kwenye orodha ya leo tu. Vingine vimekwenda, na pacman yaamini bado vipo, mana kwenye daftari lake havijafutwa.

Nampigia, hashiki. Nampigia tena, hapatikani. Na mie masikioni nasikia viazi. Nimeisomea hii kazi usiku baada ya kulaza watoto. Kodi ya chumba hiki nailipa kwa mashine hii hii. Halafu kwenye kiti changu mwenyewe, chai yangu imesogezwa, naambiwa nikakaange viazi na mtu asiyejua nyota yafanya nini. KAKAANGE. VIAZI.

Kasuku_Kisauni

Hahahaha pole. Lakini kiti nani alimpisha? Mwizi umemfungulia mlango, taa umemuwashia, na nauli umempa.

BintiSaiba

Sikumpisha, alinisukuma kwa bega! Soma uzi.

Kasuku_Kisauni

Na ile 1,500 aliichukua kwa bega?

Mwana_Majengo

Ni yule mwenye pikipiki nyekundu? Kama ndiye, kwetu alikuja "kuongeza kasi" kompyuta ya madrasa, akaondoka na feni.

BintiSaiba

Nimesema hatumtaji. Lakini ndio, nyekundu.

MlinziWaTerminali

Dada, achana na Kasuku, kadi zitoke kwanza. Printa yako haijafa. Kilichokufa ni dirisha tu. CUPS yenyewe, ile inayoendesha uchapishaji, haikuandikwa kwa Python, kwa hivyo foleni ya kuchapisha iko hai. Fungua kivinjari, andika localhost:631, utaona printa yako na utaweza kubadilisha karatasi hapo hapo.

Kisha rudisha vilivyofutwa. Folda ipo bado, nyota ilimeza vya ndani tu, na daftari la pacman lakumbuka nani alikuwa mpangaji:

sudo pacman -S $(pacman -Qqo /usr/lib/python3.13/site-packages)

Hiyo yauliza ni vifurushi gani vina mali ndani ya folda, halafu yavisakinisha upya vyote. Ikilalamika "target not found" basi hicho ulikijenga kutoka AUR, ghala la vifurushi vya watumiaji wenyewe. Kitoe kwenye orodha, ukijenge upya baadaye. Ukimaliza endesha pacman -Qk, itakuonyesha kama kuna kifurushi bado kina faili zilizopotea.

Na kwa wote: kosa hili halihitaji fundi. Chukua njia ya faili iliyotajwa, uliza pacman -Qo na njia hiyo. Ukijibiwa ni ya kifurushi kingine, usiiguse, hilo ni kosa la watengenezaji, liripoti. Ukijibiwa "No package owns", basi ni mtoto wa kambo: ihamishe kwa mv uiweke pembeni, sasisha, ikitulia ndipo uitupe. Mtu asome kila mstari, si mmoja.

Swali moja. Hiyo pillow ya kwanza iliingiaje bila pacman kujua?

BintiSaiba

Ahsante sana, wallahi. Najaribu sasa hivi. Ya pillow ni mtoto wa dada yangu, yuko chuo, alikuja likizo akataka kupunguza picha za watu wa pasipoti. Nimetazama historia ya terminali: sudo pip install --break-system-packages pillow.

Kasuku_Kisauni

Subiri. Pip, ile ya kuweka vitu vya Python, ilimkatalia, ikamwambia mazingira haya yana mwenyewe, ikamtaka aandike kwa mkono wake maneno "vunja vifurushi vya mfumo", NA AKAYAANDIKA? Fundi mwacheni, tuleteeni mpwa.

BintiSaiba

Mpwa nitamshughulikia nyumbani. Mpwa hakuniambia nikakaange viazi.

PwaniDebian

Mimi nauliza tu kwa heshima. Mashine ya kazi, ya harusi za watu, unaiwekea Arch kwa nini? Kila wiki kusasisha, kila wiki moyo juu. Weka Debian, Linux iliyotulia, lala.

Mwana_Majengo

Huyu naye kaja. Debian yako haina migongano?

PwaniDebian

Ipo lakini ya heshima. Dpkg, ndiyo pacman yetu, hukwambia "trying to overwrite" faili fulani, na hukutajia na kifurushi chenye hiyo faili. Huna haja ya kuuliza. Mie kilichoniudhi ni fundi huyo huyo (ndio, nyekundu) kuja kwangu mwaka juzi, akaona ujumbe huo, akapiga dpkg na --force-overwrite kwa kila kitu, kicheko mdomoni. Vifurushi viwili vikawa vyagombea faili moja, nilipoondoa kimoja kikaondoka na faili ya mwenzake, sauti ikapotea siku nne. Siku NNE, na Ramadhani, nataka kusikiliza mawaidha. Hili ndilo la kufungulia uzi, si dirisha la printa.

BintiSaiba

Fungua wako basi! Wewe uliambiwa ukakaange viazi?

PwaniDebian

Mimi niliambiwa masikio yangu ndiyo mabovu.

MzeeWaKahawa

Wanangu, hii tabia ya kulazimisha ni ya zamani. Pacman ilikuwa na --force. Mwaka 2012 folda ya /lib ilipogeuzwa kuwa kiungo tu cha kuelekeza folda nyingine, watu waliona mgongano, wakalazimisha, na mashine hazikuwaka tena. Ndio mana 2018, toleo la 5.1, ikaletwa --overwrite inayokutaka utaje faili unazoruhusu. Ikawekwa ili mtu ataje. Sasa mtu akiandika --overwrite '*' amerudi pale pale. Nyota si kutaja. Nyota ni kufumba macho.

MlinziWaTerminali

Mzee umesema kweli. Na kuna wakati wa kuitumia kwa haki, ukishajua faili ni zipi na hazina mwenyewe.

Shangazi_Bamburi

Kwa haki kama ipi? Mie Juni 2025 linux-firmware, kifurushi cha programu za vifaa vya ndani, ilipogawanywa vipande, kila aliyesasisha alipata mgongano wa /usr/lib/firmware/nvidia, hata sisi tusio na kadi ya Nvidia. Yule yule (siwezi hata kusema nyekundu, damu yanipanda) alikuja kutaka 2,000 "kutibu virusi". VIRUSI! Dawa iko kwenye ukurasa wa habari wa Arch, mistari miwili: sudo pacman -Rdd linux-firmware, kisha sudo pacman -Syu linux-firmware. Usiwashe upya katikati, basi. Niliisoma kwenye simu nikiwa jikoni.

Kasuku_Kisauni

Jikoni ukikaanga nini?

Shangazi_Bamburi

Kasuku nakujua kwenu.

StimaTena

Nyie mna bahati fundi ndiye adui yenu. Adui yangu ni stima. Ilipotea katikati ya kusasisha, vifurushi vishaanza kuwekwa. Kurudi: kwanza faili ya kufuli /var/lib/pacman/db.lck bado ipo, pacman yadhani mwenzake yuko kazini. Nikahakikisha hakuna pacman nyingine inayokwenda, nikaifuta. Kuendesha tena, vitu ndani ya diski vipo, daftarini havimo, kila mstari "exists in filesystem". Hapo ndipo nilipotumia --overwrite, nikitaja folda za kifurushi kile kile tu. Lakini mjue nimeifanya mara tatu mwaka huu. MARA TATU. Nauliza, mtu wa kawaida atanunuaje UPS, ile betri ya kushikilia stima, kwa bei hizi?

Mwana_Majengo

UPS gani, zile za maduka ya barabara ya Digo betri yake ni ya mapambo. Yangu ilidumu mpaka nilipofika nyumbani.

StimaTena

Afadhali wewe ulifika. Mie nilikwama kwenye feri na yangu kichwani dakika hamsini, mvua yanyesha.

PwaniDebian

Feri usinianzishie. Jana tulivuka tumebanana kama dagaa, mtu kanikanyaga kidole, hajasema hata samahani.

BintiSaiba

Nimerudi. 631 imefunguka, karatasi nene nimeichagua, kadi za kwanza 60 zimetoka, wino haujapakaa. Vifurushi vyote vimerudi isipokuwa kimoja cha AUR. Pacman -Qk haionyeshi tena kilichopotea, ila vya hicho kimoja. MlinziWaTerminali, Mungu akuzidishie.

Mama wa bibi harusi ameniambia "kumbe mwanangu wajua". Wajua! Alicheka, yule mama. Nimemsikia kwa masikio yangu akicheka. Na yule bado hapatikani, 1,500 yangu iko mfukoni mwake, na kesho nikimwona Mwembe Tayari namwendea mbele ya watu vile vile, namuuliza mbele ya watu vile vile, nyota yafanya nini? Anijibu hapo hapo. Asipojua akakaange viazi yeye.

MlinziWaTerminali

Safi. Mpwa mfundishe python -m venv, inayomtengea folda yake, asiguse tena folda ya mfumo.

Shangazi_Bamburi

Ukimwona Mwembe Tayari nipigie, nakuja na ndara mkononi.

Kasuku_Kisauni

Mwembe Tayari pale pale kuna mama wa viazi karai, ukwaju wake mzito. Mkimshika fundi mnijulishe nije kula nikitazama.

PwaniDebian

Ukwaju wa pale umetiwa maji. Viazi ni Mji wa Kale, jioni, karibu na Fort Jesus.

MzeeWaKahawa

Mji wa Kale unga wao mzito, kiazi hukioni. Nendeni Kongowea.

StimaTena

Kongowea?? Mzee hapo umekosea kabisa.

Mwana_Majengo

Sahani ni bei gani siku hizi? Mie mara ya mwisho nililipa hamsini.

PwaniDebian

Hamsini! Hamsini sasa wapewa pilipili.