Naomba ushauri: sukari ya binti yangu inashuka usiku wa manane

Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 11, kisukari aina ya kwanza. Saa 3 usiku namchoma insulini ya muda mrefu, yuniti 12. Kabla ya kila mlo, ile ya haraka kulingana na chakula. Wiki hii ameamka mara mbili saa 9 usiku akitetemeka, jasho tele, kipimo cha sukari kinasoma 3.1 mmol/L, iko chini. Nikampa glukosi, nikapima tena baada ya dakika 15. Siku zote mbili alicheza netiboli jioni. Muuguzi kasema kwa sasa ile ya usiku nishushe hadi yuniti 11, kliniki ni Jumanne. Wenzangu mnaolea watoto kama huyu, siku za michezo mnapunguza ipi: ya usiku au ya chakula cha jioni? Siku hizi silali, namshikashika paji la uso tu.