Kiti cha "bosi" cha shilingi 380,000 kimeniumiza mgongo, na muuzaji ananiambia kosa langu ni kukaa sana

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mimi ni mhasibu ninayefanyia kazi nyumbani, Dar es Salaam. Kuanzia Machi hadi tarehe 30 Juni, wateja wangu waliofunga hesabu Desemba wanapotakiwa kuwasilisha ritani za kodi, hukaa kitini saa tisa au kumi kwa siku. Hayo yote niliyaeleza waziwazi mwezi Februari katika duka moja la samani Kariakoo, na kijana wa pale akanijibu, "Dada, kwa kazi hiyo chukua hiki, ndicho wanachokalia mabosi." Kiti kilikuwa kimeviringishwa nailoni toka juu hadi chini. Nilipoomba ifunguliwe nikae kwanza, nikaambiwa kwamba ikifunguliwa nimeshanunua. Mgongo ulikuwa umenichosha, nikalipa.

Kilipofika nyumbani, miguu yangu haikugusa sakafu. Nikachukua futi ya kushonea nikapima mwenyewe: kikiwa kimeshushwa hadi mwisho, pa kukalia pana sentimita 48 kutoka sakafuni, na kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo ni sentimita 53. Mimi, kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, nina sentimita 40. Nikirudi nyuma ili mgongo uegemee, ukingo unanibana nyuma ya magoti hadi miguu inakufa ganzi. Nikisogea mbele nipate kukanyaga, kiuno kinabaki hewani, na ile nundu ya kutegemeza kiuno, ambayo ndiyo niliyouziwa kwa sifa nyingi, inakuwa haina kazi yoyote. Kiti kinachomfaa mtu huacha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wake na nyuma ya goti, huku nyayo zikikanyaga chini zote mbili. Mtu anayeuza viti kila siku atashindwaje kulijua hilo, au walau kuandika vipimo kwenye kibandiko cha bei?

Nilivumilia. Niliweka boksi la karatasi chini ya miguu, nikakipandisha kiti ili viwiko vilingane na meza. Kufikia Mei sponji ilikuwa imelala kabisa, nauhisi ubao chini yangu, na ngozi bandia ya mikono ya kiti ikaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyonata kwenye nguo. Juni, wakati wa kazi nyingi kuliko wote, mtungi wa gesi, ile nguzo ya chini inayokipandisha na kukishusha kiti, ukaanza kuvuja: nakipandisha kiti, na baada ya dakika chache kimeshuka chenyewe, mabega yanapanda kuifuata meza, na jioni shingo haigeuki.

Nilirudi dukani na risiti. Nikaonyeshwa maandishi ya chini kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kisha yule yule aliyenichagulia kiti akasema, "Dada, na wewe unakaa sana." Nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba nakaa sana! Ndiyo sababu niliingia dukani kwake! Nikaomba basi niuziwe mtungi peke yake, maana kiti kizima hakitupwi kwa ajili ya mtungi, nikajibiwa kwamba hawana na hawaagizi.

Mwajiriwa anaweza walau kumdai mwajiri wake kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sisi tunaojiajiri tunategemea muuzaji aseme kweli, naye anauza muonekano: egemeo refu, mng'ao, jina la bosi.

Kwa sasa nimerudi kwenye kiti cha mbao cha mezani, nimekunja kanga nyuma ya kiuno, na kwa kweli kinanisaidia kuliko kile cha 380,000. Ninaomba anayefahamu fundi anayebadilisha mitungi ya gesi hapa Dar, au duka linalomruhusu mnunuzi kukaa japo dakika kumi kabla hajalipa, aandike hapa chini.